Mama Shuka, Ndoto Yako Tunairudisha

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Mama, tangu asubuhi ile ulipomwambia kitinda mimba wako akaanike shuka kwanza, ndipo aje umsimulie mwisho wa ndoto. Shuka zilianikwa, zikakauka, zikakunjwa. Mwisho wa ndoto hatukuusikia. Aliporudi alikukuta umelala usingizi usioamshwa, mkono mmoja chini ya shavu, kama mtoto aliyechoka kucheza.

Tunakuandikia sisi wanao na ndugu zako, pamoja na nyumba nzima ile ya wazee uliyoifulia tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Tunakusemesha wewe, ila tunasema kwa sauti ili wapitao nao wasikie.

Wapo wasiokujua, basi tuanze na mikono yako. Ilikuwa mikavu, yenye kukwaruza kidogo, nayo ilinukia sabuni na pasi. Tulipokuwa wadogo ulitupapasa uso nayo usiku, na sisi tukajua taa imezimwa kwa amani. Mwanao wa kwanza, ambaye sasa ni fundi bomba na ana ndevu zake, anasema hata leo akishika kitambaa kilichotoka juani hugeuka kutazama ni nani kamwita.

Chai uliinywa umesimama. "Ukikaa, mwili unasikia raha, halafu unaanza kudai," ulisema. Kanga hukuikunja bila kuipiga kwanza hewani, paa! Hata leso ya pua uliipiga paa. Majirani walijua umeamka.

Hukupenda kusifiwa. Mtu akikusifu ulimuuliza kama ana homa.

Nyumba ile ina ujia mmoja mrefu, vyumba huku na huku, na mwisho wake kuna chumba cha kufulia chenye dirisha kubwa linalotazama kamba za kuanikia. Asubuhi jua huingia kwa dirisha hilo, likatambaa sakafuni polepole kama mzee mwenzao, likabisha mlango mmoja mmoja. Mvuke wa maji ya moto hulitangulia. Anayeingia mara ya kwanza saa ile hudhani nyumba inaelea.

Wafanyakazi wa pale wana jambo lao. Wazee huwaita wenyeji. Wao wenyewe, kuanzia msimamizi mpaka bawabu wa getini, hujiita wageni, kwa kuwa jioni huvua sare wakaenda zao. Mgeni hapigi kelele kwenye nyumba ya watu. Mgeni haingii bila hodi, hata kama mwenyeji hajiwezi hata kugeuka, na akishapiga hodi husubiri. Ukiuliza nani aliyeanzisha, kila mmoja humsonta mwenzake, lakini vidole vyote vikichoka huishia kwako.

Na la pili, hili halina ubishi, lilikuwa lako peke yako. Ulikusanya ndoto.

Ulisukuma toroli lako lenye gurudumu linalolia, ukasimama mlangoni na kuita, "Shuka, mwenyeji! Shuka na ndoto!" Wakati unavua foronya na kukunjua pembe za kitanda, mzee alikusimulia alichokiota. Uliipokea ndoto yake kama ulivyopokea shuka, kwa mikono miwili, bila kuuliza imechafuka wapi. Ndoto mbaya hukuizungusha. Uliikung'uta dirishani, ukaitia sabuni ya ziada, na habari yake ikaishia hapo. Ndoto nzuri ulimpelekea yule aliyelala kavu.

Kuota hukauka kama kisima, wazee wanajua. Mtu akikaa siku nyingi bila kuota huanza kujiuliza kama bado yumo. Basi aliyekauka aliazima. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba ndoto ya kuazima hurudishwa na nyongeza. Ukiipokea jinsi ilivyo ukairudisha jinsi ilivyo, umemdharau mwenyewe.

Mwenye ndoto nyingi alikuwa Bwana Reli, dereva wa treni mstaafu, mwenye sauti ya kupiga honi na kofia asiyoivua hata kwenye kunyolewa. Siku moja aliota anaendesha treni iliyojaa kuku, ukaipeleka ndoto ile chumba cha tatu. Ilipomrudia, kuku walikuwa wanakata tiketi na kondakta alikuwa jogoo. Bwana Reli alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Kuku wamepungua," alisema.

"Wamepunguaje, Babu?"

"Mimi ndiye niliyewapakia, Mama Shuka! Mabehewa yalikuwa yamejaa pomoni. Sasa mmoja hapa, mmoja kule. Nani kala kuku wangu?"

"Wameteremka njiani," ulimjibu, unapiga shuka paa. "Wewe ulitaka wafike wote mwisho wa reli? Huko kuna sufuria."

Nyumba ilicheka mpaka mchana. Mpishi alikuja na mwiko mkononi kuuliza ni kuku gani hao, mbona yeye hajaletewa.

Aliyeazima zaidi kuliko wote alikuwa Bibi Cherehani. Alishona nguo za watu ujana wake wote, sasa macho yake yana ukungu na vidole vyake bado hufuata mshono kwenye pindo la blanketi. Yeye hakuota kabisa. Alisema ndoto zake zilimwishia siku moja na nyuzi. Kila asubuhi alikunyooshea mkono kama anayepokea kikombe, akasema, "Niletee yoyote, mwanangu. Hata ya kuku." Na alipoirudisha, daima alikuwa ameishona pindo.

Kitinda mimba wako alipomaliza shule ya msingi ulimchukua akusaidie kukamua na kuanika. Kwa kuwa wewe ulikuwa Mama Shuka, Bwana Reli akambatiza Foronya, na jina likamganda. Foronya si msemaji. Alitembea nyuma ya toroli lako akikuangalia mikono, na aliyaona mengi kabla ya sisi wengine kuyaona. Aliona vifundo vya miguu yako vimeanza kuvimba mpaka kiatu kinaacha alama. Aliona unashika ukuta ukidhani hakuna mtu. Alikuuliza, ukamwambia ukuta ndio ulikuwa unataka kuanguka, wewe unauzuia tu.

Mpaka siku ulipoanguka wewe, katikati ya mvuke, na rundo la shuka zilizolowa likakupokea.

Daktari alisema ni moyo. Moyo wako umechoka, umekuwa mkubwa kama mfuko uliotiwa vitu vingi, na dawa yake ya kwanza ni kulala. Si kupumzika huku unakunja nguo. Kulala. Chumba chetu cha kupanga kilikuwa ghorofani, ngazi zake zinamtoa jasho hata kijana. Ndipo msimamizi alipotuita. Ni mama mrefu, mpole kwa kutazama na mkali kwa kuandika. Alisema kitanda cha chumba cha mwisho, kile kinachopakana na chumba cha kufulia, ni chako.

Sisi tulishukuru. Wewe ulisimama.

"Nilale ndani ya shuka ninazozifua mimi? Kwani mpishi huingia kwenye sufuria?"

"Mama, ni kwa siku chache," mwanao wa kwanza alikwambia, na wote tulijua anadanganya, hata yeye.

"Siku chache za nani? Mimi ni mgeni humu. Mgeni hapewi kitanda akavua viatu."

Ulikubali kwa ajili yetu. Lakini hukulala, Mama. Foronya alikuja asubuhi akakuta kitanda chako kimetandikwa kama ngoma iliyowambwa, pembe zimekunjwa chini ya godoro kama zilizokatwa kwa kisu, hakuna alama ya mwili. Kesho yake vilevile. Alipiga hodi, na badala ya kumkaribisha uliitika, "Naja!" ukatoka na sare, aproni imefungwa, toroli umeshalishika. Ulikuwa unalala kwenye kiti cha mbao, umevaa tayari kwa kazi, ili usichafue shuka za wenyeji.

Wauguzi walikuficha toroli, ukalikuta. Walilificha tena, ukabeba shuka begani. Mpishi alikuletea uji kitandani, ukaunywa umesimama mlangoni huku unamuuliza aproni yake ilifuliwa lini. Hakuna aliyejua kukukataza. Nusu ya wafanyakazi wale uliwafundisha wewe kukata pembe ya shuka, na nani amkataze aliyemfundisha?

Ndipo siku moja baada ya chakula cha mchana msimamizi alimsimamisha Foronya kwenye ujia. Alikuwa amevua miwani, macho yake yamechoka.

"Mwanangu, jana nimemkuta mama yako ameinamia beseni, midomo imegeuka rangi. Akianguka tena humu sina la kufanya. Itabidi nimpeleke hospitali kubwa ya ng'ambo ya mto, wamlaze huko, wamfunge na mipira ya dawa. Na huko…" Alipangusa miwani kwa pindo la sare. "Mimi nilipokuja hapa msichana, yeye ndiye aliyenionyesha chumba cha kubadilishia nguo. Ninaletaje amri kwa mtu kama huyo? Nisaidie. Zungumza naye."

"Huwa hasikii, Mama Msimamizi."

"Najua hasikii. Ndiyo maana naomba."

Foronya alirudi kazini. Alikuwa anamgeuza Bibi Cherehani ili avute shuka ya chini, na machozi yakamdondoka kwenye bega la bibi. Hospitali ya ng'ambo ya mto tunaijua. Vitanda vimepangwa kama viatu dukani, na hakuna anayejua jina lako wala ndoto yako. Hicho ndicho tulichokiogopa, Mama. Kifo hatukukiogopa sana, wewe mwenyewe ulitufundisha kukisalimia. Tuliogopa ufe miongoni mwa watu wasiojua kwamba unapiga leso paa.

"Kuna mvua?" Bibi Cherehani aliuliza, bega limelowa.

Foronya akamwambia yote. Bibi alifuata pindo la blanketi kwa kidole mpaka kona, akarudi.

"Niitie Reli," alisema. "Mwambie aje bila honi."

Walichozungumza hatukijui chote. Tunachojua ni kwamba kesho yake ulipotoka na toroli, jua likiwa ndiyo kwanza linaingia ujiani, uliita kama kawaida, "Shuka, wenyeji! Shuka na ndoto!" na nyumba haikujibu.

Ulikwenda chumba cha kwanza. Mzee amekalia shuka yake kama kuku juu ya mayai. Cha pili, vilevile. Wasioweza kukaa walikuwa wamezishika pembe kwa ngumi. Bwana Reli alikusubiri katikati ya ujia kwenye kiti chake cha magurudumu, kofia kichwani, shuka yake amejitanda mabegani kama mfalme.

"Babu, nipe shuka."

"Hakuna shuka. Reli imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na abiria. Mama Shuka, mkono mtupu haulambwi. Tangu uingie nyumba hii umekula ndoto zetu. Umezikung'uta, umezizungusha, umezifulia. Je, yako? Nani kati yetu ameionja ndoto yako?"

Ulishangaa kwa kweli. "Mimi? Mimi si mwenyeji, Babu. Mimi nachukua tu."

"Ala! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe unalo tangu sijaota mvi. Siku ya kulitua itakuwa lini?"

"Tena mimi huwa sioti," ulisema, na sauti yako ilianza kupanda. "Nalala kama gogo."

Sauti ya Bibi Cherehani ikatoka chumbani kwake, nyembamba, imenyooka kama uzi uliotiwa nta. "Huoti kwa sababu hulali. Unakaa kwenye kiti cha mbao usiku kucha. Aliyelala kitini ataota nini, miguu ya kiti?"

Wauguzi waliangalia ukutani. Mpishi alijifanya anatafuta kitu kilichomwangukia. Kumbe wote walijua.

Ulikasirika, Mama. Tunaandika hivyo kwa sababu ni kweli na kwa sababu ulipendeza ukikasirika. Uligeuza toroli tupu, gurudumu likalia ujia mzima, ukasema, "Basi laleni na uchafu wenu!" ukajifungia kwenye chumba cha kufulia pamoja na mashine zilizonyamaza.

Mgomo haukuisha siku hiyo. Hata kesho yake haukuisha. Nyumba ilianza kutoa harufu yake yenyewe, na mpishi alipita akilalamika kwamba sasa uji wake unanuka kitanda. Bwana Reli alimwambia usafiri ni usafiri, abiria huvumilia. Foronya alikaa nje ya mlango wako, mgongo kwenye mbao, akisikiliza. Alisikia unapiga kitambaa hewani, paa, kisha kimya, kisha paa. Ulikuwa na kitambaa kimoja tu humo, aproni yako, na ulikuwa unakikunja na kukikunjua.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, ulitoka. Hukusema na mtu. Uliingia chumbani kwako, ukakitandua kitanda ulichokitandika mwenyewe, ukavua viatu, ukavipanga. Foronya alikuwa mlangoni.

"Nalala kidogo tu," ulimwambia. "Ili wale mbuzi wanipe shuka."

"Ndiyo, Mama."

"Na usisimame hapo kama bawabu. Mtu haoti akitazamwa."

Hatujawahi kuona nyumba iliyonyamaza namna ile. Wauguzi walivua viatu. Bwana Reli alijikokota na kiti chake mpaka mlangoni kwako akafunga breki, akamkazia macho kila aliyekohoa. Mpishi hakugonga kifuniko hata kimoja, chakula cha jioni kilichelewa, na wazee wakala kwa vijiko vya mbao bila kulalamika. Ukiwa ndani ulianza kukoroma, kwanza kwa aibu, halafu bila aibu yoyote. Bibi Cherehani alisema ndiyo sauti nzuri kuliko zote alizosikia tangu macho yalipomwacha.

Asubuhi yake Foronya alilishika toroli. Alisimama mlangoni kwako, akapiga hodi, akasubiri kama ulivyomfundisha, na ilikuwa kusubiri kurefu.

"Karibu," ulisema.

"Shuka, mwenyeji," akasema Foronya. "Shuka na ndoto."

Ukamsimulia. Kwamba kulikuwa na kamba ya kuanikia iliyotoka kwenye dirisha la chumba cha kufulia. Badala ya kuishia kwenye nguzo ya uani ilipita juu ya ukuta, juu ya mapaa, ikaenda. Na juu yake zimeanikwa shuka zote ulizowahi kufua maishani, zote safi, zote zimekauka, zinapepea bila upepo. Wewe unatembea chini yake kwenye kivuli cheupe. Miguu haiumi. Unatafuta mwisho wa kamba, ili ujue imefungwa kwenye nini.

"Imefungwa kwenye nini, Mama?"

"Sikufika. Mlizungumza kwa sauti huko ujiani."

Foronya alikuchukulia shuka ile yenye alama ya mwili wako, na ndoto akampelekea Bibi Cherehani. Jioni ilikurudia ikiwa na pindo la uzi wa buluu kwenye kila shuka. Bwana Reli naye aliiomba, akatengeneza kituo kila baada ya shuka kadhaa, chenye benchi la kupumzikia mtu mwenye moyo mkubwa. Mpishi aliongeza chai kwenye kila kituo, akasisitiza ya kunywa umekaa. Msimamizi aliipokea akasimama nayo mlangoni, akasema yeye hajui kuongeza kitu, labda mfuko wa vibanio, kamba ndefu kama hiyo itahitaji vibanio. Uliucheka mfuko ule mpaka ukakohoa.

Na ndoto ile ilikuja tena, na tena. Kila ulipolala ulikwenda mbele kidogo, na kila asubuhi ulitusimulia ulikofika. Tulikuja kukuona jioni, wanao, na badala ya kukuuliza dawa tukakuuliza, "Mama, leo umevuka wapi?" Ulivuka soko, watu wote wakaangalia juu. Ulivuka shule aliyosoma Foronya, watoto wakawa wanaruka ili waguse pindo. Mwanao wa pili, dada yetu mwenye duka la nyuzi na vifungo, alisema hajawahi kukuona umenenepa uso namna ile. Miezi ile ulikuwa mwenyeji. Ulitukaribisha. Ulikaa kitandani ukiwa umeegemea mito miwili, ukatunyooshea mkono, na tukajua tungechelewa sana kuipata furaha hiyo kama wale mbuzi wasingegoma.

Halafu asubuhi ile. Foronya alipiga hodi, ulisema karibu kwa sauti iliyotoka mbali, kama mtu anayeongea akiwa bado anatembea.

"Nimeuona mwisho wa kamba," ulisema.

Aliketi kitandani, jambo ambalo mgeni hafanyi. "Imefungwa kwenye nini?"

Ulitabasamu. "Nenda kaanike kwanza. Jua zuri hilo, usilipoteze. Ukirudi nitakwambia."

Alianika mbio. Hata hivyo alizinyoosha zote, kwa sababu alijua utamuuliza.

Mama, mwaka huu mzima ndoto yako imezunguka nyumba ile bila mwisho. Kila mwenyeji ameiazima. Mapya waliyoongeza hayahesabiki, sasa kuna hata kuku kwenye kamba hiyo, tunaamini unajua ni wa nani. Lakini mwisho hakuna aliyethubutu kuugusa. Bwana Reli alitoa amri, "Mtu haongezi kituo ambacho hajawahi kukifikia," na wote wakatii. Foronya aliizungusha asubuhi baada ya asubuhi, akaipokea, akaipeleka. Hakulia mbele ya watu. Lakini sisi tuliona kwamba nyumbani akianika nguo hupaacha mwisho wa kamba patupu, hatundiki kitu pale.

Wiki iliyopita alifika kwa Bibi Cherehani, akapiga hodi, akasubiri.

"Karibu. Leo siazimi."

"Unaumwa, Bibi?"

"Nimeota."

Foronya aliiacha foronya aliyokuwa ameishika.

"Yangu," alisema Bibi, kidole kimesimama kwenye pindo. "Si ya kuazima. Nilikuwa na macho. Nilikuwa nafuata kamba ya mama yako kuangalia mishono yangu ya buluu kama imefumuka. Haijafumuka hata mmoja. Nikaenda, nikaenda, nikafika mwisho."

"Imefungwa kwenye nini?"

"Haijafungwa, mwanangu. Yeye ndiye ameishika. Amesimama amekaza miguu, kamba ameizungusha mkononi, anaivuta isilegee. Nikamwambia, Mama Shuka, utachoka. Akaniangalia kama nina homa. Akasema, 'Sichoki, miguu haiumi. Wewe nenda ukamwambie Foronya akaze huko kwake, shuka zinagusa chini!'"

Foronya alikaa kitandani kwa mara ya pili katika maisha yake ya kazi. Alicheka, na machozi yalikuja nyuma ya kicheko yakakipita. Bwana Reli alisikia kutoka chumba jirani, akapiga honi moja ndefu, na hakuna muuguzi aliyemnyamazisha.

Kwa hiyo leo, Mama, tunatimiza sharti lako. Ndoto uliyotuachia tunakurudishia, na nyongeza hii hapa: pindo, vituo, chai, vibanio, kuku, na mwisho wake. Kama mwisho wenyewe haukuwa hivyo, utatusahihisha siku tutakapofika.

Tunaokukumbuka ni wanao: fundi bomba, mwenye duka la nyuzi, na Foronya wako, ambaye jioni ya siku ile ya ndoto ya Bibi alianika mpaka mwisho wa kamba; wakwe zako, ambao hadi leo hawajui kukata pembe, wajukuu zako wanaopiga leso paa bila kufundishwa, dada yako mkubwa, anayekusubiri umjibu mizaha yake, msimamizi, mpishi, wauguzi na bawabu, wageni wenzako, na wenyeji wote wa ujia ule, Bwana Reli na Bibi Cherehani wakiwa mbele.

Lala, mwenyeji. Kila asubuhi shuka zikikunjuliwa tutakukumbuka, siku zote zilizobaki, na upande wetu wa kamba hatutaulegeza.